Kustaafu Kazi: Mtu Ajuaje Kwamba Wakati Wake Umewadia?



Katika somo la mwezi huu twataka kulitazama neno moja ambalo watu wengi huliogopa, wala hawapendi kulinena mpaka limewafikia mlangoni. Neno lenyewe ni kustaafu. Mwalimu wa shule, karani wa ofisi, muuguzi wa hospitali, hata mwalimu wa usharika, kila mmoja atafika siku moja mahali pa kuuliza: Je, niendelee, au niiweke kazi hii chini? Wengine hujibu upesi mno, wakaondoka, kisha wakajuta. Wengine hawajibu kabisa, wakangoja hata wengine wawajibie. Njia zote mbili zina hasara, maana wa kwanza huitia njaa nyumba yake, na wa pili huidhoofisha kazi aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Basi tulichunguze jambo hili kwa utaratibu: kwanza asili yake, kisha sheria ya kwetu, kisha vipimo ambavyo mtu aweza kujipimia.

1. Asili ya desturi hii

Katika siku za wazee wetu hapakuwa na siku ya kustaafu. Mkulima alilima hata nguvu zilipopungua, ndipo akawaachia wanawe jembe, naye akakaa barazani kuamua mashauri. Kazi yake haikukoma, ila iligeuka sura. Mtu wa mshahara hali yake ni nyingine. Shamba lake ni ofisi au darasa, wala si mali yake. Hawezi kumrithisha mwanawe kiti chake, wala hawezi kupunguza kazi kidogo kidogo kama apendavyo. Leo yumo, kesho hayumo. Ndiyo sababu ikahitajiwa sheria.

Sheria ya namna hii ni ya kale sana. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Walawi waliamriwa kuingia katika utumishi wa hema tangu miaka 25, na walipofikia miaka 50 waliacha kazi ile. Tukumbuke kwamba kazi yao ilikuwa nzito: kuibomoa hema, kuichukua safarini na kuisimamisha tena, na wengine walivichukua vyombo vitakatifu mabegani. Mtu wa miaka 50 na zaidi hakutwikwa tena mzigo ule. Lakini angalieni neno hili: hakufukuzwa. Aliruhusiwa kukaa pamoja na ndugu zake na kuwasaidia katika ulinzi. Mzigo ulihamia kwa vijana; maarifa ya mzee yalibaki karibu.

Katika nyakati zilizo karibu nasi, serikali ya Ujerumani ilitunga sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1889, katika siku za Otto von Bismarck. Umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na mwaka 1916 ukashushwa hata 65. Siku hizi unapandishwa tena pole pole, na waliozaliwa tangu mwaka 1964 wamewekewa miaka 67. Hapa twaona wazi kwamba hesabu ya miaka si amri ya maumbile. Ni mapatano ya watu, nayo hubadilika kwa kadiri ya afya yao na fedha iliyomo katika hazina. Basi asidhani mtu kwamba siku ya kuzaliwa peke yake yatosha kumwambia kama yu tayari.

2. Sheria ya kwetu

Katika Tanzania, mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari yake afikapo miaka 55. Afikapo 60 hana hiari tena. Sheria yamwondoa, isipokuwa katika kazi chache za ujuzi wa pekee. Katika Kenya umri wa watumishi wa serikali ulikuwa 55, na mwaka 2009 ukapandishwa hata 60.

Basi kwetu, baina ya 55 na 60 iko miaka mitano ambayo mtu amepewa achague mwenyewe. Miaka hii mitano ndiyo kiini cha somo letu. Kabla yake mtu hana ruhusa, baada yake hana hiari. Ila katikati yake neno ni lake, na kwa hiyo hesabu ni juu yake.

Tangu mwaka 2018 mifuko ya akiba ya wafanyakazi katika Tanzania Bara imeunganishwa ikawa miwili mikubwa: PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF kwa wafanyakazi wa makampuni, wa mashirika ya watu binafsi, na wale waliojiajiri. Ili mtu apate malipo ya kila mwezi katika uzee wake, sharti awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mtu aliyeajiriwa akiwa na umri mkubwa na auhesabu mwezi kwa mwezi mchango wake, asije akaondoka huku amebakiza michache tu kuufikia mpaka huo.

3. Vipimo vitano

Kipimo cha kwanza ni kazi yenyewe. Mtu ajiulize: Je, kazi yapata faida kwa kuwapo kwangu, au mimi ndimi nipataye faida kwa kuwapo kwake? Zipo dalili. Mzee akiona kwamba vijana walio chini yake wameijua kazi barabara, lakini yeye angali akizishika funguo zote, na wageni wote hupita kwake, hiyo ni dalili. Akiona kwamba huyachukia mambo mapya si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa yamchosha kuyajifunza, hiyo nayo ni dalili. Akiona kwamba wenzake wameanza kuyasahihisha makosa yake kwa siri ili asione haya, hiyo ndiyo dalili iliyo kubwa kuliko zote, wala asingoje kuambiwa.

Lakini tutofautishe uchovu na uchovu. Mwalimu aliyechoka mwishoni mwa mwaka, madaftari yamejaa meza, hajawa tayari kustaafu; anahitaji likizo. Arudipo likizoni, moyo wake ukiwa umechangamka, na aendelee. Arudipo na uzito ule ule, mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, hapo na atafakari. Tena mtu asiamue katika hasira. Aliyegombana na mkubwa wake, au aliyepitwa kwa cheo, akaandika barua ya kustaafu usiku ule ule, huyo hakustaafu; amekimbia. Barua ya namna hii na ilale katika sanduku hata mwezi upite.

Kipimo cha pili ni mfuko. Hapa wengi huanguka, maana hawafanyi hesabu ila baada ya kuondoka. Kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022, malipo hupatikana hivi. Idadi ya miezi ya kuchangia hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora. Hapo hupatikana malipo kamili ya mwaka mmoja. Kisha hukatwa mafungu mawili. Kwa kanuni hiyo ya mwaka 2022, asilimia 33 ilizidishwa kwa 12.5, mtu akalipwa mara moja. Nayo ndiyo watu wauitao mkupuo. Asilimia 67 iligawanywa kwa miezi 12, akalipwa kila mwezi maisha yake yote.

Tuchukue mfano. Mwalimu ana mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi, yaani 9,600,000 kwa mwaka, naye amechangia miezi 300, yaani miaka 25. Kwa kanuni hiyo mkupuo wake ni kama shilingi 20,483,000, na malipo yake ya kila mwezi ni kama 277,200. Mwenzake mwenye mshahara ule ule amechangia miezi 360, yaani miaka 30. Mkupuo wa huyu ni kama shilingi 24,579,000, na malipo ya mwezi kama 332,700. Basi miaka mitano imemwongezea shilingi milioni nne na zaidi mkononi, na shilingi 55,000 na zaidi kila mwezi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuliongeza fungu la mkupuo. Basi kila mtu na aende katika ofisi ya mfuko wake apigiwe hesabu yake mwenyewe, wala asitegemee maneno ya njiani. Na ajue ya kuwa fungu la mkupuo likiongezwa, la kila mwezi hupungua, maana yote mawili hukatwa katika mkate mmoja.

Angalieni sasa jambo lenyewe. Huyu wa pili alizoea shilingi 800,000, ijapokuwa alikatwa kodi na michango. Sasa apata 332,700. Ni pungufu ya nusu. Tena bei za vitu hazistaafu, zaendelea kupanda. Kwa hiyo kipimo kilicho kizuri kuliko vyote ni hiki: mwaka mmoja kabla ya kuamua, nyumba yenu na iishi kwa kiasi kile cha fedha mtakachopata baadaye, na kilichosalia kiwekwe akiba. Nyumba ikiweza, mmejua. Isipoweza, nayo pia mmejua, tena mmejua wakati ambapo mshahara ungali unaingia.

Kipimo cha tatu ni nyumba. Mtu hastaafu peke yake. Mkewe au mumewe astaafu pamoja naye, na watoto pia. Basi na waulizwe. Yuko mtoto ambaye hajamaliza shule? Ada yake ya miaka iliyosalia imewekwa wapi? Nyumba ya kukaa imekwisha kujengwa, au familia ingali katika nyumba ya kazini? Iko mikopo ya benki au ya chama cha akiba na mikopo? Deni lililochukuliwa kwa dhamana ya mshahara lapasa kumalizika kabla ya mshahara kumalizika. Ni hatari sana kuutegemea mkupuo kulipa madeni, kwani siku upatikanapo hukutwa umekwisha kuliwa zamani. Tena mume na mke wakubaliane watakaa wapi: katika mji waliofanya kazi, au katika kijiji walikozaliwa. Wengi wamekuta baada ya kustaafu kwamba mmoja alidhani ni mjini na mwenzake alidhani ni kijijini, na mashauri hayo ni magumu kuamuliwa fedha ikiwa mkononi.

Kipimo cha nne ni mwili. Macho, miguu, shinikizo la damu, sukari, hayo yote husema. Mtu na aende hospitali apimwe, apate kujua kweli ya afya yake wala si hofu yake tu. Akiwa mgonjwa, na atafute kwanza kujua atatibiwa kwa njia gani baada ya kuacha kazi, na kwa gharama ya nani. Lakini pia asingoje hata mwili uharibike kabisa. Mtu aliyekusudia kulima, au kuwafundisha wajukuu, au kuwatembelea wagonjwa wa usharika, anahitaji kubakiza nguvu kidogo kwa kazi hiyo.

Kipimo cha tano ndicho kisahauliwacho zaidi: kazi itakayofuata. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa muda wa miaka thelathini, siku ya kwanza ya kustaafu ataamka saa ile ile. Afanye nini? Asipokuwa na jibu, siku hugeuka mzigo, na nyumba nzima huuchukua pamoja naye.

4. Mfano wa Mwalimu Nyerere

Katika nchi yetu uko mfano unaojulikana na wote. Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922, akawa Rais hata mwaka 1985, ndipo akauacha urais kwa hiari yake akiwa na miaka 63. Yeye ndiye aliyelieneza neno kung'atuka, la lugha ya Kizanaki, hata likawa la Waswahili wote. Hatutaki hapa kuyapima mambo ya siasa. Twatazama namna ya kuondoka.

Kwanza, hakuondoka kwa siku moja katika yote. Aliuacha urais mwaka 1985, lakini uenyekiti wa chama aliushika hata mwaka 1990. Aliushusha mzigo kwa mafungu mawili. Pili, alirudi kwao Butiama, akalima. Tatu, alikuwa na kazi nyingine ya akili na ya moyo: aliiongoza Tume ya Kusini iliyotoa taarifa yake mwaka 1990, akazitia Injili katika tenzi za Kiswahili, na katika miaka yake ya mwisho akawa msuluhishi katika vita vya Burundi, hata alipofariki mwaka 1999. Kazi hizo hakuzibuni siku ya kuondoka. Alikuwa mwalimu na mfasiri tangu zamani. Alipoutua mzigo wa cheo, mikono yake ikapata nafasi ya kuyashika yale aliyoyapenda.

Mwalimu wa darasa au karani wa ofisi hawezi kwenda Burundi kusuluhisha. Lakini aweza kujiuliza swali lile lile: Ni kazi gani niipendayo ambayo cheo changu kimeninyima nafasi ya kuifanya? Mwenye jibu la swali hili yu karibu na utayari.

5. Neno kwa walimu wa usharika na wakulima

Labda msomaji mmoja atasema: Mimi sina mfuko wowote, somo hili si langu. Sivyo, ndugu. Asiye na mfuko anahitaji kujipanga mapema zaidi, wala si baadaye. Mkahawa hutaka miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na miti ya mbao hutaka mingi zaidi. Mwenye miaka 50 apandaye leo atavuna akiwa na nguvu za kuvuna. Mwenye miaka 60 apandaye siku aliyoacha kazi atangoja mavuno na njaa pamoja. Akiba haiozi, na shamba ni akiba.

Pia wazee wa usharika wanalo jukumu. Haifai mwalimu aliyewafundisha watu miaka mingi aachwe katika kazi hata aanguke, kwa sababu tu hakuna mtu aliyethubutu kuuliza ataishije. Baraza la wazee na lilizungumze neno hili na mwalimu akiwa angali na afya, tena limwulize kwa adabu: Baba, umejiwekea nini? Nasi tukusaidie kwa lipi? Kama usharika waweza kumlimia shamba, au kumwezekea nyumba, au kumchangia katika mfuko wa akiba kila mwezi, na uanze sasa. Zawadi ya siku ya kuaga, hata ikiwa kubwa, haiwezi kufanya kazi ya mchango mdogo wa miaka kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Namna ya kuondoka vema

Mtu akiisha kujipima na kuona kwamba wakati umefika, na atoe habari mapema kwa barua, ili mrithi wake apatikane yeye angalipo. Na amfundishe kazi yote, pamoja na yale ambayo hayakuandikwa katika vitabu. Amkabidhi vitabu, funguo na hesabu mbele ya mashahidi. Musa alimweka Yoshua mbele ya mkutano wote, watu wakaona. Makabidhiano ya gizani huzaa mashaka.

Akiisha kukabidhi, asirudi kila asubuhi kutazama kama kiti chake kimekaliwa vema. Akiitwa kutoa shauri, na aende. Asipoitwa, na atulie.

Tena fedha ya mkupuo isitumiwe katika mwaka wa kwanza kwa jambo jipya asilolijua. Mtu ambaye hakupata kufanya biashara ya magari na asianze kwa kununua basi. Ndugu na jamaa watakuja na mashauri mengi, na wengine kwa mikono mitupu. Wako pia matapeli wapigao simu na kujifanya watumishi wa mfuko, wakitaka namba za siri au ada ya kuharakisha malipo. Mtu asiwape neno lolote. Na aende mwenyewe ofisini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Ni kazi gani katika ofisi, shule au usharika wangu ambayo hakuna mwingine aijuaye ila mimi? Nitamfundisha nani, na lini nitaanza?

2. Nimechangia miezi mingapi? Nimekwenda lini kuuliza?

3. Je, nyumba yetu yaweza kuishi mwaka mmoja kwa malipo ya uzeeni peke yake? Tutaanza kujaribu mwezi gani?

4. Mimi na mwenzangu tumekubaliana tutakaa wapi?

5. Siku ya kwanza ya kustaafu, saa tatu asubuhi, nitakuwa nikifanya nini?

Atakayeweza kuyajibu yote matano pasipo kusitasita, na aandike barua yake kwa amani. Atakayekwama katika moja au mawili asifadhaike. Amekwisha kujua kazi ya kufanya katika miaka iliyosalia. Na atakayekwama katika yote, naye angali hajafika 60, na ashukuru kwamba ameulizwa leo.